Breka ya Taa Ikishuka, Tafuta Kosa Kabla ya Kuipandisha

Kila mvua zinapokaza, swali hili hurudi kutoka kwa wasomaji wa Ijumbi, Muhutwe, Kamachumu hadi Kemondo: "Taa zimezimika nyumba nzima, soketi zina umeme, nikipandisha breka inashuka tena. Nifanyeje?" Wengine huuliza wakiwa wameshapewa dawa: wameambiwa waweke breka kubwa zaidi, na wanataka kujua kama ni sawa. Si sawa, na nitaeleza kwa nini.

Breka iliyoshuka imefanya kazi yake. Ama umeme unapita mahali usipopaswa kupita, ama unapita mwingi kuliko waya unavyohimili. Kazi yako wewe mwenye nyumba ni kujua kosa liko upande gani, kisha uamue kama ni balbu ya kubadilisha au ni jambo la fundi. Hilo unaweza kulifanya kwa usalama bila kufungua waya hata mmoja, mradi ufuate hatua kwa mpangilio wake.

Kwanza hakikisha ni breka kweli

Watu wengi huanza kuhangaika na breka kumbe tatizo liko kwingine. Angalia haya:

- Majirani. Kama nao wako gizani, umeme umekatika mtaani. Subiri, au piga TANESCO namba 180.
- Mita ya LUKU. Kama yuniti zimekwisha, hakuna breka itakayokusaidia.
- Soketi. Kama soketi zinafanya kazi na taa tu ndizo zimezimika, kosa liko kwenye laini ya taa. Kama vyote vimezimika na majirani wana umeme, tazama meni swichi na kile kifaa kipana chenye kitufe kilichoandikwa T, kinachokata umeme unapovuja. Mafundi hukiita RCCB au RCD.
- Kishikio cha breka. Breka iliyokata si lazima iwe imeshuka hadi chini kabisa. Nyingine husimama katikati, na kwa haraka utadhani iko juu. Mulika kwa tochi na uilinganishe na za jirani yake.

Hili la mwisho linawachanganya wengi. Breka iliyosimama katikati haipandi kwa kusukumwa juu tu. Ishushe kwanza hadi chini kabisa, usikie imeshika, ndipo uipandishe. Ukiruka hatua hiyo utasema breka imekufa, kumbe ni nzima.

Usiguse chochote kabla ya kutimiza haya

1. Vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira. Mikono iwe mikavu. Kama sakafu imelowa, ikaushe.
2. Nusa na utazame. Harufu ya plastiki iliyoungua, alama nyeusi, moshi, au sauti ya kuchemka kwenye kisanduku ni amri ya kuacha. Zima meni swichi kama unaweza kuifikia salama, kisha ita fundi.
3. Kama mtu amepigwa shoti akigusa ukuta, bati, bomba au fremu ya dirisha, usijaribu kupandisha breka. Zima meni swichi, toa watoto.
4. Kama paa linavuja na maji yanachuruzika karibu na taa au kisanduku, iache breka chini hadi pakauke na fundi apaone.
5. Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu mzima anayejua meni swichi ilipo na jinsi ya kuizima.

Kila unapotaka kutoa balbu, zima meni swichi, si swichi ya ukutani pekee. Kuna nyumba ambazo aliyezifunga aliweka swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Katika nyumba hizo, taa inazimika lakini holda inabaki na umeme.

Namna inavyoshuka inakueleza jambo

Kabla ya hatua yoyote, kumbuka breka ilishuka lini na vipi.

- Inashuka papo hapo, kwa mlio mkali. Hiyo ni dalili ya shoti: waya wa moto umegusana na nyutro au ethi. Usiirudie.
- Inakaa dakika kadhaa kisha inashuka. Ama mzigo umezidi, ama kuna muungo uliolegea unaopata moto.
- Inashuka wakati wa mvua, au alfajiri penye umande, na mchana inakaa vizuri. Unyevu umeingia mahali, mara nyingi nje ya nyumba.
- Ilishuka mara moja balbu ilipoungua. Balbu za zamani za waya zinapokatika huweza kupiga cheche inayoiangusha breka. Ukibadilisha balbu na breka ikakaa, shauri limekwisha.

Hapa kuna hesabu inayosaidia. Umeme wetu ni volti 230. Breka ya taa ya ampia 6 inabeba takriban wati 1,380. Ya ampia 10, wati 2,300. Balbu ya LED ya wati 9 ni kitu kidogo sana mbele ya namba hizo. Nyumba yenye balbu 15 za aina hiyo haifikishi hata wati 150. Kwa hiyo kama unatumia LED na breka inashuka, usiseme taa ni nyingi. Kuna shoti, kuna kuvuja, au kuna kitu kingine kimeunganishwa kwenye laini ya taa bila wewe kukumbuka.

Hatua za kutafuta kosa

Fanya haya mchana, kwa utulivu. Andika kila unachokiona.

1. Zima swichi zote za taa, za ndani na za nje. Usisahau choo cha nje, jiko, banda na taa ya geti.
2. Chomoa chochote kilichochomekwa kwenye holda au kwenye waya uliochukuliwa kutoka laini ya taa.
3. Simama kando ya kisanduku, uso usiwe mbele yake. Ishushe breka hadi chini, kisha ipandishe mara moja.
4. Kama imekaa, kosa liko baada ya mojawapo ya swichi: kwenye balbu, holda, au waya unaoshuka kwenda kwenye taa. Nenda hatua ya 5.
   Kama imekataa, kosa liko kwenye nyaya za kudumu, ndani ya ukuta, darini au kwenye kisanduku. Iache chini. Kazi yako imeishia hapo, mwite fundi.
5. Washa taa moja tu. Subiri kidogo. Kama breka imekaa, washa ya pili. Endelea moja moja. Taa itakayoiangusha breka ndiyo unayoitafuta.
6. Zima swichi ya taa hiyo, zima meni swichi, acha balbu ipoe, kisha itoe. Usiingize kidole wala kitu chochote ndani ya holda. Rudisha meni swichi, pandisha breka, kisha washa swichi ile bila balbu.
   - Breka ikikaa, balbu ndiyo mbovu. Zima tena meni swichi, weka balbu mpya.
   - Breka ikishuka, holda au waya wake una kosa. Zima swichi hiyo, ibandike karatasi isiguswe, na taa nyingine unaweza kuendelea kuzitumia hadi fundi afike. Lakini kama kuna mtu aliyepigwa shoti, usitumie hata moja.

Kama kilichoshuka ni RCCB, hatua ni zile zile, ila kuna tofauti moja. Swichi ya ukutani iliyofungwa sawasawa hukata waya wa moto pekee. Nyutro ikiwa imegusa ethi au ukuta uliolowa, RCCB inaweza kushuka hata taa zote zikiwa zimezimwa. Usishangae wala usiizibe. Kifaa hicho kwa nyumba za kuishi kwa kawaida hukata umeme unapovuja kufikia miliampia 30, na ndicho kinachomwokoa mtoto aliyegusa waya.

Mahali pa kutazama kwanza kwenye nyumba zetu

Ukanda wetu wa ziwa una mvua nyingi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana makosa mengi ya taa huanzia kwenye maji. Zungukia maeneo haya kwa mpangilio huu, kwa macho tu:

- Holda za barazani na chini ya paa. Mvua ya upepo huzifikia. Fundi akiifungua holda ya namna hii, mara nyingi hukuta shaba imegeuka kijani, plastiki imefanya ufa, na ndani kumejaa mabaki ya wadudu waliofuata mwanga. Mabaki hayo yakilowa, umeme hupita juu yake. Dawa ni taa ya nje yenye kifuniko kisichoingiza maji. Kuifunga holda ya ndani kwa mfuko wa nailoni hakusaidii, kwani mfuko huhifadhi unyevu na huyeyuka.
- Waya unaokwenda jikoni, chooni au bandani. Wengi huupitisha kwenye kibanja. Ukipita juu, majani ya migomba huusugua kila upepo ukivuma, na mgomba ukianguka huenda nao. Ukipita chini bila bomba, jembe litaufikia siku moja. Tembea urefu wake wote breka ikiwa chini, na usiuguse.
- Darini. Palipo na maharage au mahindi pana panya, na panya hutafuna ganda la waya. Tazama pia muungo uliofungwa kwa tepu tu chini ya tundu la bati.
- Misumari mipya. Je, wiki hii umetundika picha, saa au bomba la pazia? Nyaya nyingi hushuka wima juu ya swichi. Msumari uliopigwa hapo ni mtuhumiwa wa kwanza.
- Nyufa za ukuta. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilipasua nyumba nyingi mkoani Kagera, na nyingi zilizibwa kwa plasta bila mtu kukagua nyaya zilizomo ndani. Kama nyumba yako ni mojawapo na breka inasumbua bila sababu ya wazi, mweleze fundi jambo hilo mapema.

Msimu wa senene: onyo la pekee

Senene wanapoanza, hasa Novemba na Desemba, watu husimamisha mabati uani, huweka mapipa chini na kuwasha taa kali juu. Umeme wa taa hizo mara nyingi huchukuliwa kwenye holda ya barazani, kwenye laini ile ile ya taa za ndani. Hapo hatari mbili hukutana.

Ya kwanza ni mzigo. Taa tatu za zebaki za wati 400 kila moja ni wati 1,200 kabla hujahesabu taa za ndani, na taa za aina hiyo huvuta umeme mwingi zaidi dakika za mwanzo kabla hazijakolea. Breka ya ampia 6 lazima ishuke, nayo ina haki.

Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Waya uliochubuka ukigusa bati, mtego mzima unakuwa na umeme, na watoto wako pembeni, miguu peku kwenye nyasi zilizolowa, wakiokota senene. Breka ya kawaida haiwezi kumlinda mtoto huyo; inasubiri umeme mwingi kuliko unaotosha kuua mtu. Anayetaka kutega kwa taa na afanye hivi:

- Fundi amfungie laini ya nje peke yake, yenye breka yake na RCCB ya miliampia 30.
- Waya uwe wa nje, wenye ganda la mpira, usio na viraka.
- Miungo yote iwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, juu ya ardhi.
- Mabati yaunganishwe na ethi, na waya wa taa usiyaguse kabisa.
- Umeme uzimwe kabla ya mtu yeyote kukaribia kukusanya.

Kama huwezi kutimiza hayo, usitege kwa umeme.

Makosa yanayorudiwa kila siku

1. Kupandisha breka mara kumi. Kila mara unapoipandisha juu ya shoti, mahali palipogusana panapigwa tena na kuungua zaidi, na breka yenyewe inachakaa. Jaribu mara moja baada ya kuzima kila kitu. Ikikataa, basi.
2. Kuishikilia breka kwa mkono au kuifunga kwa kamba. Breka nzima hukata hata kishikio kikishikiliwa. Anayeishikilia anaweka tu mkono na uso wake karibu na hatari.
3. Kuweka breka kubwa. Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita za mraba 1.5. Ukiweka breka ya ampia 32 iliyokusudiwa jiko au soketi, waya utaungua darini kabla breka haijahisi lolote.
4. Kuunganisha moja kwa moja, bila breka. Taa zitawaka, na nyumba itabaki bila mlinzi.
5. Kuchomeka pasi au birika kwenye holda. Pasi ya wati 1,000 au zaidi haikutengenezewa waya huo wala holda hiyo.
6. Kugusa lakiri ya mita. Mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO. Kosa likiwa huko, wao ndio wa kulishughulikia.
7. Kuchanganya nyaya za sola na za TANESCO kwenye holda moja. Mifumo hiyo miwili itenganishwe kabisa, kila mmoja na swichi zake.

Maswali mnayoyarudia

*"Huenda breka imezeeka tu?"* Inawezekana. Breka huchakaa, na skrubu zake zikilegea hupata moto na kushuka bila mzigo. Lakini ichunguze mwisho, baada ya laini kupimwa na kuonekana safi. Ukianza kwa kubadilisha breka, utanunua mpya na tatizo litabaki.

*"Mimi nimepanga, breka moja ya taa inalisha vyumba vyote."* Wapangaji wote wazime swichi zao, kisha chumba kimoja kimoja kiwashe. Msiruhusu mmoja afungue kisanduku kwa niaba ya wote. Mkijua chumba chenye kosa, mpelekeeni mwenye nyumba taarifa. Ukarabati wa nyaya za ukutani ni wake.

*"Nyumba yangu ina UMETA tu, sina nyaya ukutani."* Kile kisanduku cha UMETA kina ulinzi wake ndani, nacho kimekusudiwa mzigo mdogo. Kiondolee kwanza kila ulichokiongezea: waya wa kwenda jikoni, holda ya pili, chaja. Kikitulia, ulichoongeza ndicho chenye kosa.

*"Hela ya fundi sina kwa sasa."* Basi iache breka hiyo chini na utumie tochi au taa ya kuchaji. Kukaa gizani siku chache kunavumilika. Gharama ya fundi haifiki gharama ya paa.

*"Umeme ulikatika, uliporudi breka ikashuka. Ni umeme wa TANESCO?"* Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuua balbu dhaifu, nayo ikaiangusha breka. Fuata hatua zile zile. Siku nyingine umeme ukikatika, zima swichi za taa, uache moja tu ikupe habari.

Ukimwita fundi, mwite hivi

Chagua fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji umeme, na usione haya kuomba kuiona. Mpe karatasi yako: breka ilishuka saa ngapi, mvua ilikuwepo au haikuwepo, taa ipi iliiangusha, msumari gani ulipigwa. Utampunguzia saa za kubahatisha, nawe utapunguza malipo. Kisha mtake afanye haya:

- Azime na ahakikishe kwa kipimo kwamba waya hauna umeme kabla ya kuugusa.
- Apime laini ya taa kwa mega, balbu zote zikiwa zimetolewa. Kipimo cha volti 500 kisisome chini ya megaomu 1.
- Akague ethi, hadi kwenye nguzo yake ardhini, na akaze skrubu zote za kisanduku.
- Ajaribu RCCB kwa kitufe chake cha T. Kama nyumba haina RCCB, muulize gharama ya kuiweka.
- Aandike kwenye kisanduku kila breka inalisha nini.

Fundi anayekimbilia kuweka breka kubwa bila kupima, mshukuru na umwage.

Likitokea baya

Umeme ukimshika mtu, usimguse kwa mkono. Zima meni swichi kwanza. Kama haifikiki, msogeze kwa ubao mkavu au kiti cha plastiki, ukiwa umesimama pakavu. Mpeleke kituo cha afya hata akisema yuko salama, kwa sababu moyo unaweza kusumbua baadaye. Moto ukizuka kwenye nyaya, usimwage maji. Zima meni swichi, toa watu, piga Zimamoto namba 114.

Usisubiri breka ishuke ndipo uijue nyumba yako. Leo hii, jua likiwa bado liko juu, mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumbani meni swichi ilipo, bonyeza kile kitufe cha T uone kama kinakata, na ukague holda za nje. Na breka ya taa ikikataa baada ya kuzima kila kitu, iache chini hadi fundi afike.